Kihamba Hakitoshi, Lakini Sheria ya Kuhesabu Watoto Siitaki

Huku kwetu Kilimanjaro, hoja ya kwamba serikali iwapangie watu idadi ya watoto hupamba moto kila Desemba. Watu wameshashuka kwenye mabasi kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, ukoo umekaa uwanjani, mbege imeletwa, na ajenda ni ileile ya kila mwaka: kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba. Babu alikuwa nacho kizima. Baba na ndugu zake wakagawana. Sasa wajukuu wamekuja na kamba ya kupimia, na kipande kinachomwangukia kila mmoja hakitoshi nyumba, choo na migomba michache. Hapo ndipo mzee mmoja husema kile ambacho wengine wanakiwaza: serikali itunge sheria, watoto wawili basi, anayezidisha apigwe faini.

Baba mdogo ni mmoja wao. Hasemi kwa chuki. Ameona kwa macho yake ndugu wa tumbo moja wakifikishana mahakamani kwa sababu ya mstari wa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, uliosogezwa usiku. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Moshi Vijijini, na ninajua mtoto wa sita wa nyumba isiyo na kitu anavyofika darasani: daftari moja kwa masomo yote, na ikifika saa nne macho yameshaanza kulegea kwa njaa. Kwa hiyo siipuuzi hoja yake. Ila kwenye kikao cha ukoo binti hapewi nafasi ya kusema kwa kirefu, basi jibu langu, Baba mdogo, ni hili hapa. Shikamoo kwanza.

Sitaki serikali, hii ya leo wala yoyote itakayokuja, iwe na mamlaka ya kumwambia mtu kwamba mwisho wake ni mtoto wa pili. Sitaki hata kama takwimu zinaiunga mkono hoja ya Baba mdogo. Na zinaiunga mkono: sensa ya 1967 ilitukuta watu milioni 12 na kidogo, ya 2022 ikatukuta 61,741,120. Madarasa, dawa, maji na ajira vyote vinaikimbiza idadi hiyo na havijaifikia. Mtu anayeogopa hesabu hizo ana haki ya kuogopa.

Lakini itazame Kilimanjaro yenyewe, mahali ambapo ardhi inagombaniwa kuliko karibu popote nchini. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, mkoa ulitoka watu 1,640,087 kwenda 1,861,934. Hilo ni ongezeko la asilimia 14 hivi, wakati nchi nzima iliongezeka kwa zaidi ya theluthi. Sehemu ya sababu ni vijana wetu kuhama, sote tunajua. Sehemu nyingine ni kwamba wanawake wa mkoa huu siku hizi wanazaa watoto wachache kuliko wenzao wa mikoa mingi. Bibi zetu walizaa wanane, tisa. Mama zetu watano, sita. Wenzangu niliosoma nao wana wawili au watatu, na hakuna Bunge lililokaa Dodoma kuwaamulia. Kilichowaamulia ni shule waliyosoma wao wenyewe, chanjo zilizowafanya watoto wapone surua, ada ya sekondari, kodi ya chumba mjini, na kliniki iliyo karibu kiasi cha kwenda na kurudi kabla ya kuchota maji ya jioni.

Hata zamani watu wa mlima huu hawakuzaa ovyo ovyo, ingawa tunapenda kusema hivyo. Kumbebesha mwanamke mimba nyingine kabla mtoto wa mgongoni hajawa na nguvu za kutembea vizuri kulikuwa aibu, na aibu ya kwanza ilimwangukia mwanamume. Mama ambaye binti yake ameshaolewa na kuanza kuzaa hakutegemewa aendelee kuzaa naye. Zilikuwa kanuni, na zilikuwa kali. Lakini waliozisimamia ni wakwe, mashangazi na majirani: watu ambao mtoto akizaliwa nje ya kanuni watambeba tu, watamlisha, watampa jina. Ofisi ya kijiji haiwezi kumbeba mtoto.

China ndiyo nchi iliyojaribu jambo hili kwa ukubwa kuliko zote, na Baba mdogo huitaja kila mara kama mfano wa nchi yenye akili. Tuitazame vizuri. Sera ya mtoto mmoja ilianza kutekelezwa kitaifa mwaka 1980. Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba kabla ya sera hiyo, kati ya 1970 na 1979, wastani wa watoto kwa mwanamke wa China ulikuwa umeshashuka kutoka karibu sita hadi chini ya watatu. Kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika kwa kuhimiza watu waoe wakiwa wamekomaa, wapishanishe watoto na wazae wachache. Hata kuhimiza kule hakukukosa mkono wa serikali, lakini mkono huo ulikuwa bado haujafika kwenye kuhesabu mtoto mmoja mmoja. Sera ilipoanza, mkono ulifika: mwaka 1983 peke yake watu zaidi ya milioni 20 walifungwa kizazi, wengi wao wanawake. Vijijini, aliyezidisha alitozwa faini inayozidi mapato yake ya mwaka, na aliyeshindwa kulipa alichukuliwa mifugo na nafaka, wengine nyumba zao zikabomolewa.

Juni 2012, katika jimbo la Shaanxi, mwanamke anayeitwa Feng Jianmei alikuwa na mimba ya miezi saba, mtoto wa pili. Walimtaka yuani 40,000. Familia haikuwa nazo. Maofisa wakamkamata, wakamchoma sindano, mimba ikatolewa kwa nguvu. Picha yake akiwa kitandani na mtoto aliyekufa kando yake ilizunguka dunia nzima. Sasa mweke karibu na mtu mwingine wa nchi hiyohiyo: mwongozaji wa filamu Zhang Yimou, ambaye alikutwa na watoto watatu, na Januari 2014 akatozwa yuani milioni 7.48. Akalipa, watoto wake wakabaki. Sheria ilikuwa moja. Mwenye fedha iligusa akaunti yake, asiye na fedha iligusa tumbo lake.

Hebu ilete sheria hiyo Old Moshi, au Kibosho, au Rombo. Nani ataisimamia? Ni mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, watu ambao tuna migogoro nao ya mipaka, ya michango, ya nani alipewa mbolea ya ruzuku na nani aliachwa. Huyo ndiye atakayeandika daftarini nani ana mimba. Na atampima nani? Tunawafahamu wanaume wenye watoto Moshi, Himo na Arusha, kwa mama tofauti, wasiojua hata watoto wao wako darasa la ngapi. Mwanamume wa namna hiyo hana tumbo la kumshtaki. Atakayekutwa njiani na mimba ya tatu ni mwanamke, na huenda hiyo ndiyo mimba ya kwanza ya mume wake wa sasa.

Na kuna jambo la watoto wa kike, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote.

Jirani yetu mmoja ana mabinti watano. Mtoto wa mwisho alipozaliwa nilikwenda na mashangazi kumpelekea maziwa, mtori na kitenge, kama ilivyo desturi. Mama wa mume alikuwa amekaa mlangoni. Tulipomsalimia na kumpa hongera, alijibu, "Ni msichana tena," na akaendelea kumenya ndizi. Yule mzazi ndani alisikia. Baadaye, tulipobaki wawili, aliniambia kwamba yeye aliridhika na watoto wawili, lakini hawezi kuacha kuzaa kabla ya kupata wa kiume, kwa sababu siku mumewe akifa, shemeji zake watakuja kukata migomba kuonyesha mpaka wao mpya. Nyumba ya wazazi huku hurithiwa na kijana wa mwisho. Asipokuwepo kijana, kihamba kinarudi kwa ndugu.

Huyo mama hazai kwa uzembe wala kwa kukosa elimu. Anazaa kwa hesabu, na hesabu yake ni sahihi kwa mazingira aliyowekwa. China ilipobana idadi ya watoto kwenye jamii inayomtaka wa kiume, ilibidi kufikia 1984 waanze kuwaruhusu wakulima wa mikoa mingi wazae wa pili kama wa kwanza ni msichana, na hilo nalo halikuzuia maafa: mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wanazaliwa wavulana karibu 120 kwa kila wasichana 100. Idadi ya kawaida ni wavulana 105 au 106. Wasichana wale walikwenda wapi, kila mtu anaweza kufikiri mwenyewe. Mimi nikifikiria sheria ya watoto wawili kwenye nyumba ya yule jirani, nawaona mabinti watatu ninaowafundisha, mmoja wao hodari wa hisabati kuliko darasa zima, ambao wasingekuwepo.

Serikali ikitaka watu wa Kilimanjaro wazae wachache, ianze na urithi. Sheria za Ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwapanga warithi kwa madaraja, kijana wa kwanza daraja la kwanza, vijana wengine la pili, mabinti la tatu, na fikra hiyo bado inatawala vikao vyetu. Siku binti atakapopewa kihamba bila kulazimika kwenda mahakamani, wanawake wengi wataacha kutafuta wa kiume. Hilo liko ndani ya uwezo wa Bunge, na halihitaji kumgusa mtu mwili.

India nayo inanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Wakati wa hali ya hatari, 1975 hadi 1977, serikali ya Indira Gandhi, ikisukumwa na mwanawe Sanjay, iliendesha kampeni ya kufunga uzazi. Walimu wa shule waliwekewa idadi ya watu wa kuwapeleka kwenye kambi za upasuaji, na wasiofikisha idadi walizuiliwa mishahara. Mwaka 1976 wanaume zaidi ya milioni 6 walikatwa mirija. Najaribu kujiona nikipita nyumba za wanafunzi wangu kutafuta baba zao, na mzazi akinifungia mlango kwa sababu anajua nimetumwa nini. Machi 1977 wananchi waliiondoa serikali ile kwa kura. Hofu ilibaki: mpaka leo wanaume wa India wanaofunga uzazi ni wachache mno, na mzigo wote umehamia kwa wanawake. Nguvu iliiharibu hata huduma yenyewe, ambayo ilikuwa njema.

Kwingine nipite haraka. Marekani, Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1927 iliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi Carrie Buck kwa kisingizio kwamba akili yake ni pungufu. Kwa sheria za namna hiyo zaidi ya watu 60,000 walifungwa katika majimbo mbalimbali. Peru, chini ya Alberto Fujimori, wanawake zaidi ya 250,000 walifungwa kizazi kwenye miaka ya 1990, wengi wao maskini wa milimani wanaozungumza Kikechua, na wengi wakasema hawakuulizwa. Namibia, hapahapa Afrika, wanawake watatu wenye virusi vya UKIMWI waliishtaki serikali kwa sababu walisainishwa karatasi za kufungwa kizazi wakiwa kwenye uchungu wa kujifungua, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikasema ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Ona walioguswa: maskini, wagonjwa, wenye kudharauliwa. Hakuna mahali ambapo sheria hizi zilianza na watoto wa mawaziri.

Baba mdogo atasema, hao walikosea utekelezaji, sisi tutafanya kwa busara. Ninachomwomba akitazame ni kwamba mamlaka haya yana pande mbili. Serikali ikishakuwa na haki ya kusema usizae, ina haki pia ya kusema zaa. Romania mwaka 1966, chini ya Nicolae Ceaușescu, ilipiga marufuku utoaji mimba ili taifa liongezeke, ikafanya dawa za kuzuia mimba zisipatikane, na wasio na watoto wakatozwa kodi. Kufikia miaka ya 1980 wanawake walikuwa wanapimwa mimba viwandani. Maelfu walikufa kwa kutoa mimba kwa siri, na utawala ulipoanguka Desemba 1989 dunia ilikuta watoto zaidi ya 100,000 kwenye vituo vya yatima. China yenyewe imegeuka: 2016 iliruhusu wawili, 2021 watatu, 2022 idadi ya watu wake ikaanza kupungua, na mwaka 2025 ikatangaza kuwalipa wazazi yuani 3,600 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Wanawake walioburutwa kwenda kutolewa mimba bado wako hai, wanasikiliza tangazo hilo redioni.

Sisi wenyewe tumeonja upepo wa aina hiyo. Septemba 2018 Rais Magufuli alisema hadharani, akiwa Meatu, kwamba wanaotumia uzazi wa mpango wanaogopa kufanya kazi ya kulisha watoto, na mwezi huohuo matangazo ya uzazi wa mpango kwenye redio na televisheni yakasimamishwa kwa muda. Haikuwa sheria, na kliniki hazikufungwa. Lakini nakumbuka wanawake walivyoulizana kama ni salama kwenda. Mwalimu Nyerere, mwaka 1969 akiutambulisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, alikuwa ameeleza kinyume chake: kuzaa tunafanana na wanyama, kulea na kusomesha ndiko kunakotutofautisha nao, kwa hiyo tuwaze malezi zaidi ya idadi. Marais wawili, maoni mawili. Mwanamke wa Uru asiwe mtu wa kubadilisha maisha yake kila anapobadilika wa Ikulu.

Kuna wanaoniambia kwamba serikali tayari inahesabu watoto. Kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kwa aliyepata mapacha, na mwajiri halazimiki kuitoa zaidi ya mara nne. Kwenye hilo sina ugomvi mkubwa. Mwajiri naye ana mipaka. Bima ya afya ya taifa, NHIF, humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne, na hapo moyo wangu unakataa, kwa sababu mtoto wa tano akiugua malaria hakuna kosa alilofanya. Hata hivyo, kupunguza msaada ni jambo moja na kumshika mtu mkono kumpeleka chumba cha upasuaji ni jingine kabisa.

Na yule mzazi anayezaa na kutelekeza? Hapo serikali iingie, tena kwa nguvu zote. Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, matunzo yanadaiwa, ofisi za ustawi wa jamii zipo. Mbane baba asiyelipia chakula. Kosa lake ni kuacha kulea, na hilo linathibitika bila kupima tumbo la mtu.

Mfano ninaoupenda hauko mbali. Ukivuka mpaka pale Holili umeshafika. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa anazaa wastani wa watoto 8, kati ya viwango vya juu kabisa duniani. Mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Sisi mwaka huohuo tulikuwa 4.8. Kenya haikuweka faini ya mtoto wa tatu. Iliweka huduma, ikasomesha wasichana, ikasubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wanaopenda amri.

Tena jambo hili lina mkataba. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia 2007, inasema mwanamke ana haki ya kuamua kama atazaa, wangapi, na kwa kupishana miaka mingapi. Tumeweka saini.

Kuamua, hata hivyo, kunahitaji zahanati inayokusikiliza, na hapa ndipo nina madai yangu mwenyewe. Nilimsindikiza mdogo wangu kuweka kijiti cha uzazi wa mpango. Nesi alikuwa mpole, alimweleza njia zote, vidonge, sindano, kitanzi, akamwacha achague. Akamchoma ganzi upande wa ndani wa mkono wa kushoto, akapasua kidogo tu, akapenyeza vijiti viwili vyenye urefu wa njiti ya kiberiti, akafunga bandeji, akaandika kwenye kadi tarehe ya kuvitoa, miaka mitano mbele. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na mdogo wangu alitoka anacheka.

Miezi iliyofuata alitokwa damu karibu kila siku. Alirudi palepale kuomba vitolewe. Nesi wa zamu, mwingine, alimwambia avumilie kwa sababu muda wake haujaisha, kisha akamwambia arudi na mume wake, kisha akakiri kwamba aliyefundishwa kutoa amehamishwa. Ilibidi ashuke mjini, hospitali nyingine, kwa nauli ya kukopa. Alivitoa, wakampa njia nyingine inayomfaa, na hana mpango wa mtoto wa tatu.

Kijiti kinachowekwa kwa urahisi na kutolewa kwa kubembeleza kinamnyima mwanamke uamuzi kama sheria ingemnyima, ingawa hakuna aliyekusudia. Kwa hiyo bajeti ya afya ya halmashauri ikisomwa, Baba mdogo, ukiwa pale kwenye mkutano wa kijiji ambako sauti yako inasikika kuliko yangu, uliza hili: kila zahanati ya juu huku ina mtu anayejua kutoa kijiti, mwenye vifaa vyake, siku zote za wiki? Na mwanamke akija peke yake, anahudumiwa bila kuulizwa mume yuko wapi?